"Sorry" yako ni pole au ni samahani?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Busia, na sasa nafanya kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni hapa Jinja. Mwezi uliopita mgeni wetu mmoja Mwingereza aliteleza kwenye ngazi. Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta, mbali naye. Nikamwambia "Sorry!" Akanitazama kwa mshangao akasema "It's not your fault", si kosa lako. Siku mbili baadaye akaibiwa simu kwenye teksi paki, nikamwandikia ujumbe: "I am very sorry for your phone." Meneja alipouona akawa mkali. Anasema nimekiri kosa, na mgeni anaweza kutudai simu. Neno hili tunalitumia tangu utotoni. Lina maana ngapi hasa? Na je, sisi huku Uganda tunalikosea?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hukumkosea mgeni, wala yeye hakukukosea. Meneja wako ana haki kidogo, lakini si yote. Nitafika kwake.

Tuanzie kwenye ngazi. Mtu akijikwaa mbele ya watu wa Busia, "pole" huwatoka kinywani kabla macho hayajaona amejikwaa wapi. Hakuna anayeuliza nani alimwaga maji. Muuza ndizi wa ng'ambo ya barabara atasema pole, abiria anayepita juu ya boda boda atasema pole, na wote wawili hawahusiki hata kidogo. Pole haitafuti mkosaji. Inamwambia aliyeumia kwamba maumivu yake yameonekana. Waganda wana "bambi" yao, na penye msiba wana "nga kitalo". Mtoto wa huku akiingia shule na kuanza kusema Kiingereza, tabia hiyo haiachi nje ya geti. Anaitafutia neno, na lililo karibu ni "sorry". Ndiyo maana tunalisema kwa aliyeteleza, kwa anayekohoa, kwa aliyenyeshewa na mvua, tena mara nyingi tunalisema mara mbili, "sorry, sorry", kwa kuwa moja tunaiona haba.

Hatuko peke yetu katika hili. Nigeria na Ghana nako, ukidondosha kalamu, mtu aliyekaa meza ya mbali atakwambia "sorry". Wayoruba wana neno "pẹlẹ" ambalo hufanya kazi ile ile ya pole, na ukilirudia, "pẹlẹpẹlẹ", linakuwa taratibu, kama polepole yetu. Mara ya kwanza kuambiwa hivyo nilimwomba mwenzangu Mnigeria arudie mara tatu. Sisemi kwamba maneno hayo mawili ni ndugu, maana lugha zilizo mbali huweza kufanana sauti kwa bahati tu. Lakini watu wa pande zote mbili za bara hili walipopewa Kiingereza walilitwika neno "sorry" mzigo ule ule, na sidhani kama wote walikosea.

Sababu yangu ni hii. Katika Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, neno lenyewe lilikuwa "sārig". Lilitokana na "sār", yaani maumivu au kidonda, ambalo leo limebaki kama "sore". Aliyekuwa "sārig" alikuwa mtu mwenye uchungu moyoni. Ndani yake hamkuwa na kosa, wala mshitaki, wala msamaha. Wengi, hata walimu wenzangu, hudhani lilizaliwa na "sorrow", yaani huzuni, lakini hilo lina mzizi wake mwingine, "sorg". Yamekaribiana kwa kuishi nyumba moja muda mrefu. Ule mtindo wa kusema "Sorry!" peke yake ili kuomba radhi ni wa juzi tu ukilinganisha na umri wa neno: ni wa karne ya 19. Kwa hiyo binti wa Busia anayemwonea uchungu aliyeteleza yuko karibu na shina la neno kuliko Mwingereza anayemwondolea lawama. Nataka ulijue hili kabla hujaanza kujisahihisha, kwa sababu wapo watu wanaofundisha kwamba kila tunachokisema tofauti na London ni makosa.

Sasa upande wa mgeni. Kwake "sorry" fupi, iliyosemwa peke yake mara tu baada ya jambo kuharibika, ni samahani. Alisikia binti wa mapokezi akiomba msamaha kwa ajili ya ngazi. Alipokujibu si kosa lako, alikuwa anakutua mzigo ambao hukuubeba. Ulikuwa wema. Waingereza nao wana "sorry" ya pole, tena wanaitumia kila siku, ila kwao huwa inakaa ndani ya sentensi nzima na mara nyingi huja kwa jambo zito kidogo: "I'm sorry to hear that", nasikitika kusikia hivyo, "I'm sorry for your loss", ambayo ni rambirambi. Mtu akiteleza tu, wao husema "Oops!" au "Are you all right?", na swali hilo la pili ndilo linalobeba huruma. Hulisikii kama pole kwa sababu lina umbo la swali, lakini ndilo hilo.

Kiswahili kimeigawa kazi hii vizuri kuliko Kiingereza, na hapa naomba uniruhusu nikae kidogo, kwa sababu ufunguo wako uko hapa. Pole ni ya anayeona maumivu. Samahani ni ya aliyeyasababisha, au anayekaribia kukusumbua. Samahani tumeipata kwa Waarabu, pamoja na kusamehe na msamaha. Radhi nayo imetoka huko huko, na undani wake ni kuridhika: ukimwambia mtu "niwie radhi", unamwomba arudi kuridhika nawe. Pole iko katika ukoo mwingine, wa upole na polepole. Sikiliza majibu yake utaona. Samahani hujibiwa "usijali" au "bila samahani", kwa sababu kuna deni linalofutwa. Pole hujibiwa "asante" au "nimeshapoa", kwa sababu hakuna deni, kuna joto lililoshuka. Ukimjibu "nimeshapoa" mtu aliyekwambia samahani, umemchanganya. Na mgeni wako alipokujibu kwamba si kosa lako, alikuwa amejibu samahani mahali penye pole.

Ukitaka kuona mpaka huu ulivyo mkali, mtazame mzungu anayejifunza lugha yetu. Kitabu chake kimemwambia pole ni "sorry", basi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mkalimani katika mkutano wa wazazi karibu na Tororo, na kijana mmoja wa kujitolea kutoka Ulaya alichelewa kwa saa mbili nzima. Alipoingia aliinamisha kichwa mbele ya wazee akasema, "Poleni sana." Pakawa kimya. Mzee aliyekaa kando yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, amechelewa yeye, halafu sisi ndio tunapewa pole?" Kijana wa watu alikuwa anaomba msamaha kwa moyo wote. Wazee walisikia: nawaonea huruma kwa jinsi mlivyongoja. Kwetu sisi, pole kinywani mwa mkosaji ni kama kukana kosa. Mtu akukanyage ndani ya teksi kisha akwambie "pole" tu, bila samahani, unaumia mara mbili. Nilimweleza yule kijana wakati wa chai, akarudi mwenyewe kwa wazee kuwaambia samahani, na mkutano ukaenda vizuri.

Hapa ndipo penye ugumu wa "sorry". Kiingereza kimeziweka pole na samahani katika chungu kimoja, kikaacha maneno yanayofuata yaonyeshe kilichopakuliwa. Kwa hiyo usilichunguze neno lenyewe. Chunguza kinacholifuata.

Likifuatwa na "to hear", wewe uko nje ya tukio, umepata habari tu. Hiyo ni pole tupu. Likifuatwa na "for" na kitendo chako, mfano "sorry for shouting", hapo umekubali: nilipiga kelele, nisamehe. Likifuatwa na "to" na kitendo ambacho ndicho kwanza unakifanya, kama "sorry to disturb you", ni ile samahani ya kubisha hodi. Likifuatwa na "about", linaweza kwenda kokote: "sorry about your phone" inaweza kusemwa na rafiki asiyehusika, na inaweza kusemwa na aliyeiangusha simu mwenyewe. Msikilizaji ataamua kwa kuangalia nani alikuwa wapi.

Kuna moja ya hatari ambayo naisikia sana Kampala, nayo ni "I'm sorry for you." Tunaisema tukimaanisha nakupa pole. Masikioni mwa Mwingereza inaweza kuwa dharau, kama mtu aliyesimama juu anayemtazama aliye shimoni: unatia huruma. Wao hulisema hivyo hata wakigombana. Usimwambie mgeni sentensi hiyo hata kama moyo wako ni mweupe. Na kuna jingine la upande huo huo. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuandika katika insha kwamba darasa lao lilikwenda kuitembelea "the sorry family", akimaanisha familia iliyofiwa. Neno hili likikaa mbele ya nomino hugeuka kabisa, likawa duni, hovyo, la kusikitisha kwa ubaya wake. Barabara yenye mashimo iko "in a sorry state". Macbeth, katika tamthilia ya Shakespeare, anaitazama mikono yake yenye damu ya mfalme aliyemuua na kusema ni "a sorry sight". Yule mtoto alikuwa ameandika familia ya hovyo. Nilimwita pembeni nikamweleza, sikuipiga mstari mwekundu mbele ya wenzake.

Basi tufike kwa meneja. Ulipoandika "I am very sorry for your phone", hukukiri kosa lolote. Hakuna msomaji mwenye akili timamu atakayesoma hapo kwamba binti wa mapokezi aliiiba simu teksi paki. Lakini "for" hiyo imekaa vibaya, haisemi wewe uko upande gani wa tukio, na meneja anayewaza madai na bima ataingiwa na hofu. Hofu yake si ya kijinga. Iko kubwa duniani kiasi cha kutungiwa sheria. Jimbo la British Columbia nchini Kanada lilipitisha Sheria ya Kuomba Radhi mwaka 2006, na Ontario ikafuata mwaka 2009, zote zikisema kwamba mtu akisema "sorry", au akionyesha huruma au majuto, maneno hayo hayahesabiwi kuwa kukiri kosa katika kesi ya madai. Mwaka huo huo wa 2006, Uingereza na Wales ziliweka kifungu chenye mwelekeo huo katika sheria yao ya fidia. Fikiria: wabunge wamekaa, wamejadili, wamepiga kura, ili daktari aweze kumwambia mgonjwa pole bila kuogopa wakili. Watu walikuwa wameacha kupeana pole kwa sababu ya neno moja lenye nyuso mbili. Sheria hizo ni za huko kwao, usizipeleke kwa meneja kama ngao. Mwambie tu kwamba sentensi inaweza kunyooshwa, na huruma ikabaki.

Maana kuibakiza ni muhimu. Mimi mwenyewe niliwahi kumuuguza ndugu yangu katika hospitali moja, na dawa aliyopewa haikuwa yake. Alipona, namshukuru Mungu. Wiki nzima nilizunguka ofisi kwa ofisi na kila mtu alinipa maelezo, fomu, namba ya chumba kingine. Hakuna aliyesema samahani, na hakuna aliyesema hata pole. Ile ya pili ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa sababu pole haimgharimu mtu kitu.

Kwa kuwa umeuliza maana ngapi, acha nikuonyeshe jinsi nyuso hizi mbili zilivyobeba mambo makubwa kuliko simu na ngazi.

Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana angani na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani Mchina, Wang Wei, akafa. Ndege ya Marekani ikatua Hainan bila ruhusa, na watu wake 24 wakashikiliwa huko. China ikataka iombwe radhi. Marekani ikasema haikukosa. Siku kumi zilipita watu wakitafuta neno. Hatimaye, tarehe 11, balozi wa Marekani alikabidhi barua yenye maneno "very sorry" mara mbili: mara moja kwa msiba wa familia ya rubani, mara moja kwa kutua bila kibali. Wamarekani wakawaambia watu wao kwamba hawakuomba radhi, wametoa masikitiko. Wachina wakawaambia watu wao kwamba wameombwa radhi. Watu 24 wakaachiliwa. Barua ile ingeandikwa kwa Kiswahili ingekwama, kwa sababu mwandishi angelazimika kuchagua: pole, au samahani? Kiingereza kiliwaruhusu wasichague.

Australia walikutana na shida hiyo kwa kinyume. Kwa miongo mingi serikali iliwachukua watoto wa wenyeji wa asili kutoka kwa mama zao, na mwaka 1997 ikatolewa ripoti kubwa iliyoeleza mateso hayo. Wananchi wakadai serikali iseme "sorry". Mwaka 1999 waziri mkuu wa wakati huo, John Howard, aliliongoza bunge kutamka majuto ya kina na ya dhati, yaani "regret", lakini neno lile lenyewe halikutumika. Watu wakalingoja. Tarehe 13 Februari 2008 Kevin Rudd alisimama bungeni akasema "we say sorry", akarudia, akarudia tena mara ya tatu, na wazee waliochukuliwa utotoni walikuwa wamekaa humo ndani wakisikiliza. Kamusi itakwambia "regret" na "sorry" zinakaribiana. Waulize wale wazee kama zinakaribiana.

Na hapa kwa majirani zetu. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau jumla ya pauni milioni 19.9, na waziri wa mambo ya nje akasema serikali inajutia kwa dhati mateso yale. "Regrets", si zaidi. Tarehe 31 Oktoba 2023 Mfalme Charles akiwa Nairobi alizungumzia "the greatest sorrow and the deepest regret", huzuni kubwa na majuto mazito. Umeona? "Sorrow" ipo, "sorry" haipo. Na nilikwambia hapo juu kwamba mizizi yake ni tofauti. Kesho yake tu, tarehe 1 Novemba, Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, Tanzania, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwafanyia watu wa huko wakati wa vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907. Siku mbili mfululizo, wakuu wawili wa nchi zilizotutawala, katika nchi mbili zinazopakana: mmoja alisikitika, mwingine aliomba msamaha. Mimi nilizisoma habari hizo mbili kwa pamoja asubuhi moja, nikaona somo langu zima liko pale. Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa. Anajua aliyepewa pole ni nani na aliyeombwa radhi ni nani.

Maana nyingine ni nyepesi, sitakuchosha nazo. "Sorry?" kwa sauti inayopanda mwishoni ni "unasemaje?", mgeni akikwambia hivyo kwenye simu hakuombi chochote ila urudie, kwa hiyo usimjibu "it's okay", rudia ulichosema. Mtu akitaja bei akakosea, husema "fifty, sorry, fifteen thousand", akijirekebisha, kama sisi tunavyosema samahani katikati ya hesabu. "I'm sorry, but" ni mlango unaofungwa kwa adabu. Ukiiona mwanzoni mwa barua inayojibu maombi yako ya kazi, jiandae. "You'll be sorry" ni kitisho: utajuta. Na wao husema "better safe than sorry" mahali ambapo sisi tungesema tahadhari kabla ya hatari. Humo "sorry" si pole wala samahani tena, ni majuto, yale ambayo wahenga waliyaita mjukuu kwa kuwa huja mwishoni. Wamarekani wakitaka kupita katikati ya watu husema zaidi "excuse me", Waingereza husema "sorry" hata kabla hawajakugusa. Wewe ukiwa mapokezini, "excuse me" kabla ya kumsumbua mtu na "sorry" baada ya kumsumbua itakufaa kwa wote.

Kuna pia jambo ambalo hukuliuliza. Tunapenda kumwambia anayefanya kazi "pole na kazi", na aliyefika "pole na safari". Tafadhali usizitafsiri kwa "sorry". Nimemsikia dereva mmoja akimpokea mgeni Entebbe kwa "sorry for the journey", na mgeni akauliza kama ndege imepata ajali. Mwambie "You must be tired, how was the journey?" Kwa anayefanya kazi tayari tumeshapata yetu, "well done", ambayo ni "gyebale ko" ya Waganda iliyovaa Kiingereza. Mwingereza naye ataishangaa, maana kwake "well done" hungoja kazi iishe na iwe nzuri. Lakini hiyo haimdhuru mtu, iache.

Niseme na hili, kwa kuwa linanikaa moyoni. Wengi wa Kampala wanakiona Kiswahili kuwa lugha ya amri. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na katika miaka ile kiliwafikia watu wengi kwenye vizuizi vya barabarani, kikisemwa na mtu mwenye bunduki. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Ningekuwa na uwezo, ningewaomba walimu hao waanze somo la kwanza na pole, kabla ya njoo, kaa na simama. Mtoto akijua kwamba lugha hii ina neno zima la kumwonea mwenzake uchungu, ambalo hata Kiingereza hakina, hatakiogopa.

Turudi kwa simu iliyoibwa. Ujumbe wako ungeweza kuwa hivi: "I'm so sorry to hear your phone was stolen. Shall I help you report it to the police?" Sentensi ya kwanza ni pole isiyo na shaka, kwa sababu ya "to hear", na kwa sababu "was stolen" inaonyesha kuna mwizi na si wewe. Ya pili inatoa mkono wa msaada. Mpelekee meneja uone kama atakunja uso. Lakini siku maji ya moto yakikatika bafuni, usijifiche nyuma ya "to hear". Hapo kosa ni la nyumba yenu, na sentensi ya kweli ni "We're sorry there was no hot water this morning. It will be fixed by noon", mradi fundi awe amekwambia kweli kwamba saa sita litakuwa limekwisha. Meneja akitaka uandike "we regret any inconvenience", mwombe kwa heshima mtumie ile nyingine. Mgeni aliyeoga maji baridi anaijua tofauti.

Na mgeni huyo akiteleza tena, usiache kumwonea uchungu kwa kuogopa Kiingereza. Mwambie "Pole!" kwa Kiswahili. Atauliza maana yake, nawe utamfundisha na jibu lake, nimeshapoa.